Pua za Mtaa wa Chini

Buyenzi, Bujumbura
3 Novemba 1997

Kwa Bi Kudra Seifu,
Mhariri, Jarida la *Karabai*, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba uniwie radhi kwa kukufikia bila kutambulishwa na mtu yeyote. Mimi ni Moubarak Rachidi, mzaliwa wa Buyenzi katika jiji la Bujumbura, mhitimu wa shahada ya kwanza ya lugha na fasihi, niliyefaulu kwa daraja ambalo unyenyekevu unanizuia kulitaja, ingawa cheti nimekiambatisha.

Ninachora. Tangu utoto nimevutwa na mambo ambayo wenzangu waliyakimbia: majeneza, popo, sanda zilizochanika, meno yaliyobaki baada ya midomo kuondoka. Mwalimu wa madrasa alinichapa kwa kuchora wafu kwenye ubao wangu. Mama yangu, Assia, ambaye hushona kofia za kufuma kwa mkono, alikuwa akiniombea dua nipone. Siku nilipoanza kuchora mifupa mitupu, alivaa miwani, akaitazama kwa makini, akatoa hukumu: "Hawa afazali. Apana roho ndani. Siku ya kiyama hawatakuambia we uwape pumuzi."

Kwa ruhusa hiyo nimetunga hadithi ya picha iitwayo *Mtaa wa Chini*. Ni mtaa ulio chini ya makaburi ya jiji fulani, na wakazi wake wote ni mifupa. Yupo Bwana Goti, mzee wa mtaa. Yupo Bi Taya, mwenye kibanda kisicho na bidhaa, ambaye hata hivyo hufungua kila asubuhi. Yupo Afande Mbavu, anayepokea hongo ingawa hana mfuko wa kuitia. Katika kila toleo anateremka mgeni. Kwa desturi ya mtaa ule, mgeni haulizwi ametoka wapi wala imekuwaje akafika. Anaulizwa jambo moja tu: "Huko juu sukari imeshuka bei?"

Naambatanisha kurasa mbili. Ombi langu ni ukurasa mmoja kila mwezi, wenye jina langu chini yake. Na ikitokea siku moja kwamba katika chumba chenu cha uchoraji kuna meza isiyo na mtu, niko tayari kuikalia. Kwa sasa nachora mabango katika ofisi moja ya kampeni ya afya, kazi ya heshima ambayo haijawahi kunipa nafasi ya kuchora hata jeneza moja.

Nakutakia kila la heri katika kazi yako tukufu,

Moubarak Rachidi
Mhitimu wa Lugha na Fasihi, Mchoraji, Mtunzi wa Hadithi za Picha


Dar es Salaam
1 Desemba 1997

Ndugu Moubarak,

Cheti nakurudishia, hapa hatuchapishi vyeti. Michoro nimebaki nayo. Nimecheka, na karani wetu amecheka mpaka akamwaga chai juu ya meza ya mwenye jarida. Yule Afande wako anayeitia hongo kati ya mbavu na kuitazama ikidondoka miguuni, yule namjua. Amenisimamisha barabarani mara nyingi.

Sasa nikwambie penye tatizo. Msomaji wangu ni kinyozi wa Kariakoo na wateja wake wanaosubiri zamu. Wanapenda kuogopa. Lakini mtu anataka kujua nani anaogopa na nani anaogopwa, na mifupa yako yote ni mamoja. Mara Goti, mara Taya, mara Mbavu, mimi mwenyewe nimepotea kwenye kisanduku cha nne cha picha. Wape nyuso, mwanangu. Hata nusu uso. Acha nyama kidogo shavuni, jicho moja linaning'inia, mambo kama hayo. Utaniambia wewe, ndiye mwenye mapenzi na maiti.

Ukikubali, tunaanza na toleo la Machi. Tena kuna jambo. Mzee Atumani, mwenye jarida, ameahidi meza ya mchoraji wa pili, hapa hapa Dar, kwa yeyote ambaye hadithi yake itashika wasomaji. Barua ya ajira ninayo kwenye droo, imebaki kuandikwa jina.

Kudra Seifu


Buyenzi, Bujumbura
20 Desemba 1997

Mheshimiwa Mhariri,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi, jambo la kawaida kwa posta yetu ya sasa. Nilipofika kwenye maneno "meza ya mchoraji" niliyasoma kwa sauti, na mama akaacha kushona.

Hata hivyo, kuhusu nyuso, naomba kutofautiana nawe kwa heshima zote. Sanaa ya mauti, kama nilivyojaribu kuonyesha katika tasnifu yangu, imejengwa juu ya usawa. Fuvu halina cheo, halina ukoo, halina mtaa. Uso ni porojo, mfupa ni hoja. Mchoraji anayebandika nyama juu ya fuvu ni sawa na mshairi anayesimama kando ya shairi lake akilifafanua kwa wapita njia. Kinyozi wako akishindwa kumtambua Bwana Goti, amtazame anavyoketi, kwani mguu wake wa kushoto ulivunjika na kuungwa vibaya. Bi Taya hafungi kinywa. Afande Mbavu ana kofia.

Usidhani ninakataa kwa ukaidi. Nikupe mfano wa hali ninayofanyia kazi. Juzi ofisini tulitengeneza bango la kunawa mikono. Nilichora mwanamke mmoja anayenawa, basi. Kamati ikakaa asubuhi nzima kujadili pua yake. Wa kwanza alitaka ipunguzwe, wa pili alitaka ipanuliwe, wa tatu alishauri mwanamke ageuke nyuma. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Herménégilde, mtu makini ambaye hata kalamu zake huzipanga kwa urefu, alinirudishia karatasi mara tatu akisema: "Moubarak, non. Hii pua, apana." Hatimaye bango limechapishwa likiwa na bomba la maji na mikono mitupu. Watu wanauliza mwenye mikono amekwenda wapi.

Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Naamini mtu wa uzoefu wako atanielewa.

Moubarak Rachidi
Mhitimu wa Lugha na Fasihi, Mchoraji


Dar es Salaam
14 Januari 1998

Ndugu Moubarak,

Ile hotuba ya fuvu na ukoo nimeisoma nikiwa nimesimama wima, kama wimbo wa taifa. Halafu nikafika kwenye kisa cha bango, nikaketi.

Kumbe ndiyo hivyo! Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Wachoraji wengi hawawezi pua. Ilias wetu hapa, unayemwona sasa anachora majambazi na warembo kwa mkono mmoja, alichora watu wa upande upande kwa miaka kabla hajathubutu pua ya mbele. Mkuu wako amekurudishia mara tatu, ukakata tamaa, ukahamia mafuvuni ambako pua haipo. Usione haya. Sijacheka. (Ilias amecheka kidogo, nimemkanya.)

Basi tufanye hivi. Wewe tuletee hadithi na mifupa yako, kazi ya nyama tuachie sisi.

Kudra Seifu


Buyenzi, Bujumbura
2 Februari 1998

Mheshimiwa Mhariri,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Mimi siwezi pua? Nimesomea mwili wa binadamu kwa kuchora wagonjwa barazani pa hospitali kule Kamenge, Jumapili baada ya Jumapili, hadi wauguzi wakanipa kiti. Naambatanisha karatasi moja ya nyuso nilizochora jana na leo kwa kalamu ya nibu, bila penseli na bila kufuta. Mwenye miwani na sindano mdomoni ni mama yangu. Mwenye uso mrefu mkavu, pua nyembamba na tai iliyonyooka ni Bwana Herménégilde, nimemchora kwa kumbukumbu. Mwenye uso wa duara, pua pana na macho ya mtu anayetaka kuomba radhi kwa kosa ambalo hajalifanya ni rafiki yangu Népomuscène, tuliyehitimu pamoja, ambaye sasa anakaa kwetu. Alipoona nimemaliza alisema: "Mon cher, rafiki, we umeniiba. Mi nimebaki na nini sasa?"

Mwonyeshe Ilias. Kisha, tafadhali, uichane. Karatasi hii si ya kuchapishwa. Ni ushahidi wa uwezo, basi.

Pamoja nayo kuna sura ya kwanza ya *Mtaa wa Chini*, kurasa nne, ambamo mgeni anateremka na Afande Mbavu anamvua sanda kwa kisingizio cha ukaguzi. Yote ni mifupa. Naomba ibaki mifupa.

Moubarak Rachidi
Mchoraji


Dar es Salaam
25 Machi 1998

Mwanangu Moubarak,

Kaa chini kabla hujasoma. Toleo limetoka Jumatatu na leo limekwisha mezani! Mwanza wameagiza tena, Kigoma wameagiza tena. Kinyozi wangu ameubandika ukurasa wako juu ya kioo.

Najua uliniambia niichane ile karatasi. Nani anachana kitu kizuri namna ile? Niliiweka mezani kwa Ilias, akaitazama, akaweka kalamu chini, na Ilias haweki kalamu chini ovyo. Halafu akasema, "Nyuso ndizo hizi, bosi. Kijana ameshatufanyia kazi, anaona haya tu." Basi amewavisha nyama mifupa yako kwa nyuso zako mwenyewe. Ule uso mrefu wenye pua nyembamba na tai amepewa Afande Mbavu, unamfaa kweli, mpokea hongo mwenye adabu. Ule wa duara wenye pua pana amepewa mgeni anayevuliwa sanda. Huruma inakushika ukimwona tu! Mama yako ndiye Bi Taya. Tumeacha mbavu na mikono ikiwa mifupa, kwa hiyo maiti wako bado ni maiti.

Jina lako liko chini, herufi nene.

Mzee Atumani amekubali. Meza ni yako. Barua ya ajira nimeiandika jina mwenyewe. Njoo mwezi wa Julai, na ukifika nitakupikia.

Kudra


Buyenzi
19 Aprili 1998

Bi Kudra,

Barua hii anaibeba Hamimu, mfanyabiashara wa mtaani kwetu, ambaye hupita mpakani Gatumba hadi Uvira, upande wa Kongo, kisha hupanda boti hadi Kigoma. Ndiye huyo huyo anayetuletea *Karabai*. Haipiti posta. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza nakuandikia kama mtu anayezungumza, na utanisamehe nikipandisha sauti.

Ninaweza pua. Hapa kila mtu anaweza pua. Mtoto anayejifunza kuhesabu anaweza pua. Tangu vita vilipoanza mwaka wa tisini na tatu, mtu anasimamishwa njiani, anatazamwa urefu, anatazamwa pua, na kutokana na pua anaambiwa yeye ni Mhutu au ni Mtutsi, na kutokana na jibu hilo anaachwa apite au haachwi. Nyembamba ni wa huku, pana ni wa kule. Wanakosea mara kwa mara. Nina jamaa wawili, ndugu wa tumbo moja, ambao mmoja alipita na mwenzake hakupita. Lakini kukosea hakujawahi kuwafanya waache kutazama.

Sasa unaelewa lile bango? Kamati haikuwa ikijadili uchoraji wangu. Ilikuwa ikijadili mwanamke anayenawa ni wa kabila gani, na kwa nini yeye ndiye mwenye mikono michafu.

Nilichagua mifupa, Bi Kudra, kwa sababu fuvu lina tundu mahali pa pua. Ni hilo tu. Tasnifu, usawa, hoja na porojo, hayo yote yalikuwa mapambo ya mtu asiyeweza kuandika neno moja la kweli katika barua inayofunguliwa na wengine. Napenda wafu, sikatai, niliwapenda tangu zamani. Lakini katika mji huu Mtaa wa Chini ndio mtaa pekee ambao ningeweza kuchora mwizi na mwibiwa bila mtu kuuliza mwizi ni wa nani.

Na wewe umempa mwizi pua nyembamba. Umempa mwibiwa pua pana. Umeweka jina langu chini, herufi nene.

Jarida lilipofika sokoni hapa, siku ile ile vijana wa upande mmoja walikuja kunitukana mlangoni, kwamba nimewaita wezi. Hao niliwatarajia. Kesho yake wakaja vijana wa upande wa pili kunipongeza. Waliniita shujaa. Walinishika mkono, wakaniuliza sura ya pili itatoka lini na kama Afande atauawa. Waliokuja kunipongeza walinitisha kuliko waliokuja kunitukana.

Bwana Herménégilde hajawahi kupokea hongo maishani mwake. Aliniita ofisini, akaufungua ukurasa juu ya meza, akaunyoosha kwa viganja. "Hii ni tai yangu," alisema. Hakutaja pua. Kisha akaniomba niache funguo kwa mlinzi. Kwa hiyo kazi sina.

Népomuscène alifika kwetu mtaa wake wa Kamenge ulipokimbiwa na wakazi wake kwa ajili ya vita. Buyenzi imekuwa salama kwa sababu sisi Waswahili hatumuulizi mtu kabila lake, tunasogea tu akaketi. Hapa alikuwa akitembea, akinywa chai barazani, akibishana mpira. Sasa sokoni watu wanaunyanyua ukurasa na kuulinganisha na uso wake. Kuna wanaomcheka, kuna wanaomwonea huruma, na zote mbili ni namna ya kumtambua. Hatoki tena nje. Ametaka kuondoka, mama amemzuia kwa kumnyang'anya viatu.

Na kosa la kwanza ni langu. Uliniambia siwezi, nikaona uchungu, nikakutumia nyuso za watu walio hai ili Ilias asinicheke. Najua. Usinijibu kwa hilo, nimeshajijibu.

Nakuomba sura ya pili irudi kuwa mifupa. Ukinifanyia hilo, nitakuja Julai kwa miguu.

Moubarak Rachidi


(Karatasi iliyokunjwa ndani ya kofia, katika mzigo huo huo)

Kwa dada Kudra,

Salama sana. Mi ni Assia, mama ya Moubarak. Hii karatasi Hamimu ndio anajua, mutoto hajui. Mi nilisoma kidogo tu, usicheke maandiko yangu.

Dada, yeye anakuandikia maneno marefu. Mi nakuambia kifupi. Mutoto hakuli. Anaweka ile jarida mbele yake, anaikalia kama mutu anakalia maiti. Wale vijana wa kumupongeza wamerudi tena. Nimewaambia hapa apana mutu, hapa ni kofia tu, munanunua? Mumoja amenunua.

Yeye atakuambia mifupa, mifupa. We usimusikilize. Kama ile meza iko, umuite kwa nguvu, usimuulize kama anataka. Mi nitabaki na Népo. Ule si mutoto wangu lakini anakula kwangu, na viatu vyake niko navyo mimi.

Na ule uso wangu umemupa Bi Taya, asiyefunga kinywa. Nani alikuambia?

Hii kofia ni ya bwana yako. Kama hauna bwana, vaa we mwenyewe.

Assia


Dar es Salaam
20 Mei 1998

Mwanangu Moubarak,

Hamimu amekuja mwenyewe mpaka ofisini, akakataa kuketi mpaka nimalize kusoma.

Nilipomaliza nilikwenda msalani, nikajitazama kwenye kioo. Nina umri wa kuwa bibi, na nilikuwa sijawahi kuitazama pua yangu isipokuwa ikiwa na mafua. Nimeishi nayo kama mtu anavyoishi na mlango wa nyumba yake, anapita tu. Nilisimama pale najiuliza ingenipitisha au isingenipitisha. Nikatoka.

Ulikuwa umeniandikia yote katika lile bango, na mimi nikakuona kijana asiyeweza kazi. Na uliniambia nichane, sikuchana. Naomba radhi. Mpelekee Népomuscène radhi zangu, na yule bwana wa tai pia, kama atazipokea.

Sasa hali ilivyo. Nimemwendea Mzee Atumani, nikamwomba turudi kwenye mifupa. Akasema: "Kudra, jarida limekwisha mezani. Hao wa Bujumbura wananunua mangapi?" Nikambishia. Nikampandishia sauti, jambo ambalo sijalifanya tangu aniajiri. Akaniambia nyuso zitabaki, na kama mimi zimenichosha kuna wahariri wengine mjini.

Kwa hiyo ni hivi. Meza iko, na barua yenye jina lako naiambatanisha, imetiwa muhuri. Ukija, nyuso utazichora wewe, pua utazigeuza utakavyo. Usipokuja, Ilias ataendelea na hadithi kwa jina lake mwenyewe. Mimi hapo sina nguvu zaidi.

Kama mhariri nimemaliza. Kama mtu mzima nakwambia: njoo. Usipime mambo sana. Wapo wanaotaka uje kuliko unavyojua.

Kofia imenienea.

Kudra


Buyenzi
28 Juni 1998

Mama Kudra,

Sikujua kwamba ulipelekewa kofia. Nilipomuuliza mama, alisema ana uzi sindanoni na hawezi kuzungumza. Basi nimeelewa ni nani anayetaka niende.

Barua ya ajira ninayo hapa. Ni karatasi nzuri. Nimeota meza hiyo tangu kidato cha kwanza, na muhuri wake nimeugusa kwa kidole mara kadhaa kuona kama wino unatoka. Hautoki. Nimekasirika kwa namna ambayo elimu yangu yote haijanipa neno la kuieleza. Nimemkasirikia Mzee Atumani, Ilias, mji huu, na tundu la pua la kila binadamu.

Lakini siji. Nikija kuchora nyuso huko, mimi nitakuwa salama Kariakoo, na pua zangu zitarudi huku kila mwezi ndani ya mzigo wa Hamimu, hadi mlangoni kwa mama na Népomuscène. Unasema nitazigeuza nitakavyo. Nimejaribu. Nimechora za kati, za pembeni, zilizofunikwa kwa kitambaa, zilizokatwa kabisa. Hakuna pua ninayoweza kuichora ambayo hapa haitapewa kabila. Mwambie Ilias aendelee nayo, aite jina jingine. Nakuomba mchoro wangu wa asili tu, zile kurasa nne za mifupa, kabla hazijapotea.

Nikusimulie sasa tulichofanya, kwa sababu kimekuwa kazi yangu.

Wewe unajua kwamba wino ukikosewa tunaukwangua kwa ncha ya wembe. Siku moja niliichukua nakala yangu ya *Karabai*, nikajaribu kuikwangua pua ya Afande. Karatasi yenu ni mbaya, inachubuka, lakini ukienda taratibu wino unatoka. Nikakwangua na mashavu, nikajaza tundu kwa wino mweusi, nikarudisha meno. Afande akarudi kuwa mfupa. Népomuscène alikuwa ananitazama. Akaomba wembe, akataka aanze na uso wake mwenyewe. Alipougusa ukurasa, alisema: "Taratibu, mon cher, isije ikaniuma." Tulicheka mpaka mama akaja kuuliza nani amekufa.

Tukawa tunafanya nakala za majirani. Kisha watu wakaanza kuleta zao. Mtu hataki kulitupa jarida alilolinunua, na hataki kukutwa nalo likiwa na pua. Wanaketi barazani, wananywa chai, wanasubiri zamu kama kwa kinyozi wako. Mama anawauzia kofia. Uso wake mwenyewe amekataa tuukwangue. "Ule muache," anasema, "niko mutu muzima, wanione."

Wiki iliyopita alikuja Bwana Herménégilde. Alikuwa amevaa tai. Kumbe mtaani kwake nako wanamlinganisha. Watu wasiomjua humuuliza ni mtaa gani alikowavua watu sanda, na wapo wanaomuuliza hivyo kwa kumsifu. Alitoa nakala yake ndani ya bahasha ya ofisi, akaiweka juu ya mkeka, akasema: "Na mimi unitoe." Mikono yangu ilikuwa na wino. Népomuscène ndiye aliyechukua wembe. Bwana Herménégilde alipomtambua, alivua koti na tai, akaomba wembe wa pili. Basi wakaketi bega kwa bega, huyu akikwangua pua ya yule, yule akikwangua ya huyu, kila mmoja akimwambia mwenzake, "Hapo umebakisha kidogo." Kazi hakunirudishia. Alipoondoka alisahau tai.

Népomuscène amerudishiwa viatu. Anafika hadi barazani, zaidi ya hapo bado.

Sura ya pili nimeichora. Haina pa kuchapishwa, na jambo hilo linaniuma kila ninapoosha nibu, lakini nakutumia nakala kwa mkono wa Hamimu uitie kwenye droo ilimokuwa ile barua. Mgeni anateremka Mtaa wa Chini, na safari hii ni mgeni wa ajabu, kwa kuwa ameshuka akiwa na uso wake mzima. Nimeuchora wote, mashavu, nyusi, midomo, ila viganja vya mikono vimeifunika pua. Anasimama langoni akingoja waanze kumtazama. Bi Taya anafungua kibanda chake. Bwana Goti anakokota mguu wake mbovu, anamsogezea kiti, anamuuliza kama sukari imeshuka bei huko juu. Mgeni anazidi kuishikilia pua yake kwa mikono miwili. Afande Mbavu anakaribia, anaichungulia chini ya ukingo wa kofia yake, anampigapiga begani.

"Usiwe na wasiwasi nayo," anamwambia. "Subiri kidogo. Inadondoka yenyewe."

Moubarak